Pakeji au spliti kwa jengo la biashara? Someni kabla hamjaomba bei

Bomba la Shaba (mwanzisha uzi)

Habari wakuu. Swali hili kila likiletwa linaishia kwenye ushabiki. Mmoja anasema pakeji ndiyo mashine ya jengo la maana, mwingine anajibu weka spliti nyingi umalize kazi. Nimefanya kazi ya ubaridi miaka ya kutosha kuona kwamba wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwenye jengo lake, na majengo yenyewe yanatazamana. Naandika kirefu, mwenye haraka aruke.

Tuelewane kwanza. Pakeji ni kiyoyozi ambacho kompresa (inayosukuma gesi), kondensa (koili ya mabomba inayotupa joto nje), evapareta (koili inayopooza hewa ya ndani) na feni vyote vimo kwenye kabati moja. Kabati linakaa juu ya paa au chini kwenye zege pembeni mwa jengo, na kinachoingia ndani ni hewa tu kupitia dakti, yaani njia za hewa za bati. Dakti moja inapeleka hewa baridi, nyingine inarudisha ya chumba. Gesi imejazwa na kufungwa kiwandani. Spliti imegawanywa: kompresa na kondensa ziko nje, evapareta na feni yake ndani, na katikati kuna mabomba mawili ya shaba, nyaya, na bomba la kutolea maji. Hapo kinachosafiri ni gesi. Karibu kila tofauti nitakayoitaja inatoka hapo.

Naanza na hewa, maana ndipo wenye majengo wanapoliwa.

Spliti ya kawaida, iwe ya ukutani au ya kaseti darini, haiingizi hewa mpya chumbani. Inavuta hewa ileile, inaipooza, inaikausha kiasi, inairudisha. Nyumbani haisumbui, watu ni wachache na mlango hautulii. Ofisi ya watu 40 iliyofungwa vioo kutwa nzima ni habari nyingine. Ikifika mchana vichwa vinauma, watu wanasinzia, na lawama zote anabeba fundi kwamba mashine "haipoozi", wakati thamostati inasoma nyuzi 23.

Tupige hesabu. Ofisi ya mita za mraba 400, watu 40. Kiwango cha 62.1 cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ambacho wahandisi wengi hukifuata, kinataka ofisi ipate lita 2.5 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu, ukijumlisha lita 0.3 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni 100 na 120, jumla lita 220 kwa sekunde. Kama nje ni nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, na ndani unataka nyuzi 24 na asilimia 50, hewa hiyo peke yake inadai takribani kilowati 9.5 za ubaridi, sawa na tani 2.7 (tani moja ni BTU 12,000 kwa saa, au kilowati 3.5). Na robo tatu ya kazi hiyo ni kukamua maji hewani, zaidi ya lita 10 kila saa. Bado hujagusa jua la madirishani, kompyuta, wala watu wenyewe, ambao kwa kazi ya mezani kila mmoja anatoa wati 130 hivi.

Pakeji nyingi huja na mlango wa hewa hiyo, na dampa, yaani kilango cha kurekebisha kiasi. Ukichagua spliti, lazima uweke mashine nyingine ya kuleta hewa ya nje ikiwa imekwishapoozwa na kukaushwa, na dakti zake ndogo. Sasa angalieni zabuni mbili zikiwekwa mezani: ya pakeji ina hewa ya nje ndani yake, ya spliti haina, na mwenye jengo anaona spliti ni rahisi. Si rahisi, imepungukiwa. Ongezeni mashine ya hewa kwenye zabuni ya spliti ndipo mlinganishe.

Jambo la pili ni nani anashika thamostati. Pakeji moja ya tani 10 ikihudumia mapokezi, chumba cha mikutano na ofisi sita za upande wa magharibi, ina thamostati moja. Asubuhi wote wako sawa. Saa tisa alasiri jua liko magharibi, wa upande ule wanavuja jasho na wa mapokezi wamevaa majaketi. Dawa ipo, ni maboksi ya kurekebisha hewa kwenye dakti, kila kanda na thamostati yake, lakini ni gharama, yanataka mtu anayeyajua, na feni ya mashine nayo lazima iweze kupunguza mwendo. Kwa spliti kila chumba na rimoti yake, na chumba kisicho na mtu unakizima.

Kwa hiyo mimi huanza na ramani ya jengo kabla ya kufungua katalogi ya mashine yoyote. Eneo moja pana lenye watu wanaofanya jambo moja kwa saa zilezile, kama ukumbi, duka kubwa au sakafu ya kiwanda chepesi, chini ya paa lake lenyewe: pakeji, na sibishani sana. Vyumba vingi, saa tofauti, wapangaji tofauti, ghorofa juu ya ghorofa: spliti, au ndugu yake mkubwa VRF, ambapo mashine moja ya nje inalisha mashine nyingi za ndani. Katikati ya hayo mawili ndipo kazi ilipo.

---

Mwenye Ghorofa Nne

Mkuu shukrani, umefika wakati wake. Nina jengo la ghorofa nne linamaliziwa. Chini maduka, juu ofisi za kupangisha, kila ghorofa mita za mraba 350 hivi. Mkandarasi mmoja ananishauri pakeji juu ya paa zilishe jengo zima. Mwingine anasema spliti. Dari tayari limepangwa kuacha nafasi ya sentimita 35 kutoka kwenye slabu.

---

Bomba la Shaba

Mkuu, hizo sentimita 35 ndizo zitakujibu. Tani moja inataka lita 190 za hewa kwa sekunde, kwa makadirio. Tani 10 ni lita 1,900. Ukiipitisha kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde ili isipige kelele, unahitaji dakti yenye mlango wa mita ya mraba 0.38, tuseme sentimita 75 kwa 50. Zungushia blanketi la kuzuia joto. Haiingii kwenye 35. Ukiilaza iwe pana na bapa inaweza kuingia, ila feni inafanya kazi zaidi na bati linaongezeka, halafu kuna mabimu, mabomba ya kuzimia moto na trei za nyaya, vyote vinagombea nafasi hiyohiyo.

Na hiyo ni kwa ghorofa moja. Kutoka paani hadi ghorofa ya kwanza unahitaji shimo la wima la dakti za ghorofa zote, za kwenda na za kurudi. Unakata eneo la kupangisha kila ghorofa. Kila dakti inapovuka ukuta au sakafu ya kuzuia moto, hapo panahitaji dampa ya moto, ya kujifunga moto ukitokea. Jengo likiwa limeshamwagwa zege, usilianze hilo.

Kisha umeme. Kwa pakeji ya pamoja bili ni yako, wewe ndiye utawagawia wapangaji na kusikiliza ugomvi. Kwa spliti, mashine ya kila mpangaji unaifunga kwenye mita yake.

Kwako ningeweka spliti za kaseti au VRF kwa kila ghorofa, na mashine ndogo ya hewa ya nje kwa kila ghorofa. Dakti za hewa ya nje pekee ni ndogo, zinaingia kwenye sentimita 35 bila matata.

---

Mchoraji Majengo

Naongezea kwa upande wetu wa usanifu, maana lawama za kuta zilizojaa mashine za nje huwa zinatuangukia sisi.

Ukichagua spliti, tafadhali amua mashine za nje zitakaa wapi kabla ya ujenzi. Nimeona jengo ambalo zote zilipangwa ndani ya kishimo chembamba cha mwanga, moja juu ya nyingine ghorofa hadi ghorofa. Hewa ya moto ya chini inapanda, ya juu inaivuta. Ghorofa ya mwisho mashine zilikuwa zinajizima zenyewe mchana kwa presha kupanda, na kila fundi aliyekuja aliongeza au kupunguza gesi. Gesi haikuwa na kosa lolote.

Na tuachieni njia ya fundi kusimama. Mashine iliyoning'inia nje ya dirisha lisilofunguka haitasafishwa kamwe, hata mkataba wa matengenezo uwe umesainiwa na nani.

---

Fundi Kimya

Dada hapo umegonga. Mimi ni wa matengenezo, siuzi mashine, nitasema ninachokiona.

Pakeji: unapanda paani, kila kitu kiko mbele yako, kompresa, feni, mikanda, koili, filta. Huingii ofisini kwa mtu, huhamishi meza, hudondoshei mtu maji kwenye makaratasi. Mashine nne zinahudumiwa asubuhi moja. Spliti 60 za jengo zima ni filta 60, koili 60, na bomba za maji 60 zinazoziba kwa utelezi. Maji yakirudi, dari linachafuka. Malalamiko mengi ya spliti ninayoitiwa ni maji, si ubaridi. Bomba la maji lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, lisipande popote, na kama haliwezi, weka pampu ya maji na swichi ya kuizima mashine maji yakijaa.

Pakeji nayo ina ugonjwa wake wa maji. Nyingi feni inavuta hewa kupitia koili, kwa hiyo pale kwenye sinia la maji pana mvuto wa kwenda ndani. Bila mtego wa bomba wenye umbo la U, na wenye kina cha kutosha, hewa inaingia kupitia bomba la maji na maji hayatoki mpaka feni isimame. Feni ikisimama yanamwagika yote kwa pamoja. Mtu anaona paa linavuja, anaita fundi wa paa.

Halafu kwenye spliti ubora wa kazi ni wa aliyechomea mabomba. Pakeji imefungwa kiwandani na kupimwa. Spliti imefungwa na kijana juu ya ngazi. Achomee huku naitrojeni ikipita ndani ya bomba, la sivyo masizi yatakaa humo na kwenda kuziba vali. Ajaze naitrojeni kwa presha anayoitaja mtengenezaji, aache mpaka kesho aone kama geji imeshuka. Avute vakyumu (kutoa hewa yote bombani) hadi chini ya maikroni 500 za presha, kwa kipimo, si kwa kuhesabu dakika. Anayekuambia "nimevuta nusu saa inatosha" hana kipimo.

---

Tajiri wa Volti

Wakuu mnazunguka sana. Hoja kubwa ni umeme na hapo spliti ya inveta haina mpinzani. Tazameni lebo, namba zake za ufanisi ziko juu kuliko pakeji. Mjadala umeisha.

---

Bomba la Shaba

Haujaisha kaka, ila una nusu ya ukweli.

Inveta inasaidia kwa sababu jengo haliko kwenye mzigo kamili isipokuwa saa chache. Kompresa inayoweza kupunguza mwendo inashinda ile ya kuwaka na kuzima. Lakini siku hizi pakeji zenye inveta zipo, na zenye kompresa mbili au zaidi zinazowaka kwa zamu. Kwa hiyo linganisha inveta na inveta. Ukichukua spliti mpya ya inveta ukaiweka mbele ya pakeji ya zamani ya kasi moja, umeshindanisha vizazi.

Pakeji inapopoteza kweli ni kwenye dakti. Feni kubwa inasukuma hewa mbali na inakula umeme kila saa inapofanya kazi. Dakti ikipita juu ya paa, juani, na blanketi limechanika, unapooza anga. Zikivuja kwenye maungio, hewa uliyolipia inaishia juu ya dari. Mambo hayo hayaandikwi kwenye lebo.

Spliti inapopoteza ni kwamba namba ya lebo imepimwa kwa urefu mfupi wa bomba. Mashine ndogo hutoka kiwandani na gesi ya mita 5 hadi 7.5 hivi, ukizidisha unaongeza gesi kwa gramu anazotaja mtengenezaji, na uwezo unashuka kadiri bomba linavyorefuka. Na namba hiyo haihesabu ile mashine ya hewa ya nje.

Kuna kitu pakeji inaweza na spliti haiwezi. Nje kukiwa na baridi na ukavu, dampa inafunguka yote, kompresa inalala, jengo linapoozwa na hewa ya nje peke yake. Penye usiku wa baridi au majira ya baridi hiyo inaokoa umeme mwingi. Penye joto na unyevu mwaka mzima usiilipie kabisa.

Na kosa linaloumiza mifumo yote miwili ni kununua kubwa mno "kwa usalama". Mashine kubwa inashusha joto haraka, inazima kabla haijakausha hewa. Chumba kinakuwa baridi na kinanata, watu wanashusha thamostati hadi 18, kuta zinaanza kuota ukungu. Inveta inapunguza tatizo hilo lakini nayo ina kiwango cha chini ambacho haiwezi kushuka zaidi. Ukiona mtu anakupa idadi ya tani kwa kuzidisha mita za mraba na namba aliyoikariri, bila kuuliza madirisha yanatazama wapi na watu ni wangapi, huyo anakuuzia mashine.

---

Mgeni wa Leo

Naomba kuuliza kuhusu VRF. Nasikia ikivuja chumbani ni hatari. Ni kweli au ni maneno ya washindani?

---

Bomba la Shaba

Ni kweli kwa sharti. VRF, ambayo Daikin waliileta sokoni mwaka 1982 kwa jina la VRV, ina gesi yote ya mfumo kwenye mabomba yaliyoungana. Mfumo wa ghorofa nzima unaweza kubeba kilo 30. Ikivuja ndani ya chumba kidogo, yote inaweza kuishia humo, na gesi inasukuma oksijeni nje. Kwa gesi ya R-410A kikomo cha usalama cha ASHRAE 34 ni takribani kilo 0.42 kwa mita ya ujazo. Chumba cha mita za mraba 15 chenye kimo cha mita 2.7 kina mita za ujazo 40, kwa hiyo kikomo chake ni kilo 17. Kilo 30 imepita. Utagawanya mfumo uwe miwili, au utaunganisha chumba na eneo kubwa zaidi kwa matundu ya kudumu, au utaweka kigunduzi na vali za kufunga. Mbunifu aliyefanya kazi yake atakuonyesha hesabu hii ya chumba kidogo kuliko vyote. Muombe.

Kwenye pakeji gesi iko kwenye kabati la nje, lakini koili ya evapareta inagusa hewa inayokwenda kwa watu, kwa hiyo si kwamba haihusiki kabisa.

Na gesi zenyewe zinabadilika. R-410A ina uwezo wa kupasha dunia joto mara 2,088 ya kaboni dayoksaidi, R-32 ni 675, R-454B ni 466. Tangu Marekebisho ya Kigali ya 2016, nchi zinapunguza zile kali. Ulaya, tangu tarehe 1 Januari 2025 spliti ndogo mpya zenye gesi chini ya kilo 3 haziruhusiwi kutumia gesi inayofikia 750. Hizi mpya huwaka, ingawa kwa shida. Hapo pakeji inapata pointi kwa wenye tahadhari, kwa kuwa haina mabomba ya gesi ya kuchomea ndani ya jengo. Mfumo unaonunua leo utakaa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo uliza gesi yake itapatikana kwa nani na kwa muda gani.

---

Msimamizi wa Ukumbi

Ukumbi wa watu 500, unatumika saa chache kwa wiki, paa la bati juu ya vyuma. Nifanyeje?

---

Bomba la Shaba

Pakeji mkuu, lakini usiweke moja kubwa. Weka tatu au nne. Moja ikifa katikati ya shughuli, nyingine zinabeba. Watu 500 waliokaa ni kama kilowati 50 au zaidi za joto la miili pekee, na hewa ya nje juu yake, kwa hiyo mzigo wako ni watu kuliko jengo. Tumia sensa ya kaboni dayoksaidi kufungua dampa kulingana na waliomo. Washa mapema wakati ukumbi ni mtupu, dampa ikiwa imefungwa.

Kabla ya yote mlete mhandisi wa majengo aangalie hilo paa. Pakeji ya tani 10 za ubaridi ina uzito wa kilo 500 hivi na inatikisika. Kama vyuma havikuhesabiwa kubeba hivyo, ziweke chini pembeni kwenye zege, dakti ziingilie ukutani.

---

Fundi Kimya

Na waweke rilei ya kulinda fezi kwenye kila mashine. Pakeji kubwa ni za umeme wa fezi tatu, fezi moja ikikatika kompresa inaungua kabla hujapanda ngazi. Ni kidude kidogo na watu hukifuta kwenye zabuni.

---

Mwenye Ghorofa Nne

Nimemwambia yule wa pakeji anionyeshe dakti zitapita wapi kwenye michoro. Hajajibu. Yule wa spliti nimemuuliza hewa ya nje inatoka wapi, akasema "watafungua madirisha".

---

Mchoraji Majengo

Madirisha yako yanafunguka?

---

Mwenye Ghorofa Nne

Ni vioo vya kudumu, dada, mbele yote. Nyuma yapo mawili kila ghorofa, chooni.

---

Bomba la Shaba

Basi tafuta wa tatu. Mpe idadi ya watu kwa kila ghorofa, uelekeo wa vioo na saa za kazi za wapangaji, umwambie alete hesabu ya mzigo chumba kwa chumba pamoja na mashine ya hewa ya nje. Ukizipata ziweke hapa, ila futa majina ya kampuni. Nitazipitia.